Kikohozi Nilichokifuta

Mimi ndiye niliyefuta kikohozi cha mke wa mtu. Nasema mapema ili msomaji asifike katikati akaanza kunionea huruma. Sikutumwa, sikulazimishwa, wala sikuwa mgonjwa siku hiyo. Nilikuwa nimekunywa chai yangu, nimeketi kwenye kiti kizuri cha kuzunguka, na nilijiona mtu wa maana sana katika mji huu wa Eldoret.

Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa. Nilikuwa na meza kwenye duka la fotokopi karibu na mahakama, nikiandika viapo, barua za kuomba kazi, na tasnifu za wanafunzi wasiojua koma hukaa wapi. Nilikuja mjini kutoka upande wa Kakamega, kama walivyokuja wengi wetu, nikiwa na cheti kimoja na mdomo usiojua kupumzika. Siku moja mama mmoja mhadhiri, daktari wa mambo ya lugha, aliniletea rundo la mahojiano yaliyoandikwa kwa mkono. Nilipomrudishia kazi nilimwambia kwamba aliyeandika yale ni mvivu, anaruka maneno. Kumbe aliyeandika ni yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta, na wiki iliyofuata akaja kuniajiri.

Alikuwa na mradi wa kuhifadhi kazi za zamani ambazo si kitabu tupu: maigizo ya kanisani yaliyorekodiwa, nyimbo za harusi zenye picha zake, filamu za mikutano, chochote chenye sauti na picha na maneno kwa pamoja. Kitabu ni rahisi, alinieleza, unaandika maneno na umemaliza. Lakini kitu ambacho mtu anasema huku picha inabadilika na nyuma kuna watu wanaimba, hicho utakiandikaje ili mtu wa kesho akijue chote? Jibu lilikuwa alama. Unaandika maneno yote kwenye faili moja ya kompyuta, kisha unayazungushia alama, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Hapa anaanza kusema fulani, hapa amemaliza. Hapa imetokea picha ya nne. Hapa ng'ombe amelia. Ndani ya kila alama unaandika ni nani, ni dakika gani, ni sekunde gani. Alama hizo zina kanuni za dunia nzima, ili mtu wa Japani akifungua faili ya Eldoret asipotee. Mwongozo wenyewe ni mnene kuliko Biblia.

Aki kazi hiyo ilinikaa mwilini. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonikera kama kitu kilichofunguliwa kisifungwe, iwe mlango, sufuria au sentensi. Kompyuta ilikuwa inakataa faili nzima kama umesahau kufunga alama moja, na mimi nilikuwa sisahau. Daktari alikuwa akiwaambia wageni kwamba ana mtu ambaye hata nzi akipita kwenye kaseti atamwandikia sekunde zake. Nilikuwa najifanya sijasikia.

Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja chini ya maktaba, mahali palipokuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Mimi, Daktari, na fundi wa sauti, mwanaume wa makamo kutoka familia ya Wasomali wenye duka la vitambaa hapa mjini. Aliacha duka la baba yake kwa sababu alipenda redio kuliko vitambaa, na wao hawajamsamehe mpaka leo.

Mzee alikuja asubuhi moja kutoka mji mdogo wa Ziwa, akiwa na katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa mrefu, amevaa kofia, na kabla ya kustaafu alikuwa afisa wa kilimo. Zamani alizunguka Ziwa, Sugoi mpaka Burnt Forest akiwa na projekta ya slaidi, betri ya gari na redio ya kaseti. Mchana waliziba madirisha ya darasa au ya kanisa kwa magunia, giza likaingia, na wakulima wakaona picha ukutani huku sauti ya Mzee ikitoka kwenye kaseti kuwafundisha mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Katoni ilikuwa na kaseti kumi na mbili. Slaidi zilikuwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, kila moja imefungwa kwa karatasi. Kulikuwa pia na daftari lenye maneno yote na mpangilio wa picha, lakini panya walikuwa wamelila, likabaki jalada.

Aliweka katoni mezani kwangu akasema, "Mama ako humo ndani. Mfanye pole pole."

Tulijua mkewe alifariki miaka mingi iliyopita. Daktari akamwambia pole, mimi nikamwambia pole, fundi akatikisa kichwa. Tulidhani ndivyo wajane wanavyoongea. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ana maana gani.

Fundi aliziingiza kaseti kwenye kompyuta, nami nikavaa vipokea sauti nikaanza. Sauti ilikuwa ya Mzee peke yake, ya ujana, yenye nguvu, akisema na ndugu mkulima kana kwamba ndugu mkulima ana deni naye. Nilimwandika neno kwa neno. Jogoo nilimwandika, mvua kwenye mabati niliiandika, mtoto aliyelia mara moja nikamwandika. Na kulikuwa na kikohozi. Kikohozi kimoja kikavu, kifupi, kinatokea Mzee akiwa katikati ya kusema, halafu baada ya nusu dakika kingine, halafu kingine. Hakikuwa chake, maana yeye alikuwa anaendelea kusema. Kwenye nafasi ya nani niliandika "haijulikani". Kwenye nafasi ya aina, nikafuata orodha ya mradi wetu, ambayo ilisema kukohoa, kupiga chafya, kuburuta viti na milango yote ni kelele. Nilikifunga kila kimoja kwa sekunde zake, mwanzo na mwisho. Nilikuwa nakasirika kweli kweli. Nilimwambia fundi kwamba huyu mtu angetoka nje akohoe huko, aache watu warekodi.

Fundi alikuwa ameunda programu ndogo ya kutusaidia. Inasoma alama zangu, na popote nilipoandika kelele inaichuja kelele hiyo, ili msikilizaji apate maneno safi. Ilikuwa kazi nzuri na sote tuliisifu. Slaidi, kwa vile daftari lililiwa, nilizipanga mwenyewe kwa akili yangu. Mzee akitaja ugonjwa wa majani, naweka picha ya majani. Akitaja kiwele, naweka kiwele.

Kisha diski ya kompyuta yetu ikajaa. Fundi aliniandikia ujumbe akiuliza kama bado nazihitaji zile sauti za mwanzo ambazo hazijasafishwa, au azifute apate nafasi ya kazi nyingine. Daktari alikuwa safarini. Mimi niliangalia faili zangu kumi na mbili, safi, hakuna alama iliyobaki wazi, nikaona hakuna haja ya kubaki na uchafu. Nikamjibu neno moja. Futa.

Kaseti zenyewe tulimrudishia Mzee kwenye katoni ile ile, na barua niliyoiandika mimi. Nilimwambia kazi yake sasa iko salama kwenye kompyuta, haitaoza, haitaliwa na panya, na itasikika duniani kote.

Miezi michache baadaye, siku ya kuonyesha kazi, tuliandaa ukumbi wa maktaba. Kulikuwa na wahadhiri, watu wa kilimo na wanafunzi waliofuata harufu ya mandazi. Mzee tulimketisha mbele. Alikuwa amevaa suti nyeusi, kofia ameiweka juu ya goti. Taa zikazimwa, picha ya shamba la mahindi ikatokea ukutani, na sauti yake ya ujana ikajaa ukumbini. Alitabasamu. Nilikuwa nimesimama pembeni, namtazama yeye kuliko picha, maana nilitaka kuona akifurahi.

Nikaona anainua mkono wa kulia na kukaza kidole gumba, kama mtu anayebonyeza kitu. Picha haikubadilika. Akangoja, akabonyeza tena hewani. Picha ikabadilika baadaye, pale nilipoiweka mimi, naye akashtuka. Ikapita ya tatu, ya nne. Tabasamu lilikuwa limeisha. Akageuza sikio kuelekea kwenye spika, akalikinga kwa kiganja. Halafu akasimama, akaomba kwa adabu kwamba tusimamishe.

"Mama ako wapi?" akauliza.

Daktari alimsogelea, akamshika mkono, akamwambia taratibu kwamba tunajua mama alitangulia. Mzee akamwangalia kwa mshangao.

"Daktari, najua alikufa, mimi ndiye nilimzika. Nauliza kwa kaseti. Ako wapi kwa kaseti?"

Hapo ndipo alipotueleza, akiwa amesimama, watu wote wakisikiliza. Kaseti walizirekodi nyumbani, yeye na mkewe mezani. Yeye anasoma daftari, mkewe ameshika orodha ya picha. Mwanzoni alikuwa akisema "picha nyingine", lakini wakulima walikuwa wanacheka. Wakajaribu kengele ya mbuzi, watoto wakageuka kutafuta mbuzi. Mkewe ndiye aliyesema acha nikohoe. Mtu akikohoa ndani ya watu hakuna anayeshughulika naye. Basi akawa anakohoa kila mahali picha inapotakiwa kubadilika, na Mzee akisikia, anabonyeza. Kule Burnt Forest watu waliamini picha zinajigeuza zenyewe. Kusema kwenye kaseti mama alikataa, ati Kiswahili chake kimejaa Kikalenjin. Hakuwahi kurekodiwa mahali pengine popote, si kwa harusi, si kwa kanisa. Kile kikohozi ndicho sauti yake yote iliyobaki duniani.

Sijui kama umewahi kusikia jambo mbele za watu na ukajua ni wewe, hakuna mwingine, ni wewe. Nilivikumbuka vile vikohozi vyote. Nilikuwa nimevifunga kimoja kimoja kwa mikono yangu, nikaviita kelele. Nilimwangalia fundi, naye alikuwa ananiangalia, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Daktari akasema kwa uchangamfu kwamba hakuna shida, tutarudi kwenye sauti za mwanzo. Ikabidi niseme. Nilisema nimeagiza zifutwe, mimi, na Daktari akaketi chini kwenye ngazi ya jukwaa.

Halafu nikakumbuka. Nikafurahi mpaka nikapiga makofi, mjinga mimi. Nikamwambia Mzee, kaseti si ziko kwako nyumbani? Tutaziingiza upya kesho asubuhi, hatutagusa hata kikohozi kimoja.

Mzee akavaa kofia yake.

"Madam," akasema, "barua yako ilisema ziko salama kwa kompyuta. Zile za nyumbani nilifunga kwa wimbi."

Sikumwelewa mpaka nilipofika. Tulienda Ziwa kesho yake na gari la fundi. Nyuma ya nyumba ya Mzee kuna kishamba cha wimbi, yaani ulezi, na wimbi likikaribia kukomaa ndege hawaachi kitu. Watu wa huko hufunga utepe wa kaseti kutoka mti mmoja hadi mwingine, jua linauwasha na upepo unauvumisha, ndege wanaogopa. Kaseti kumi na mbili zina utepe mrefu kuliko unavyofikiria. Ulikuwa umepita juu ya shamba lote, unang'aa, unavuma. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba na sauti ile ya kuvuma ikaniingia masikioni, nikalia kwa sauti kubwa kama mtu aliyefika matangani. Mzee ndiye aliyekuja kuninyamazisha. Mimi mkosaji ndiye niliyebembelezwa, na mwenye mke ndiye aliyekuwa akisema basi, basi.

Fundi hakulia. Alitoa viatu, akaingia kwenye wimbi, akaanza kukusanya. Alikusanya utepe mpaka mchana, akaupeleka mjini, akausafisha, akauviringa upya kwenye maganda ya kaseti mpya kwa kidole na kalamu. Alifanya hivyo siku nyingi, duka la baba yake likimcheka. Mvua na jua la miezi vilikuwa vimemaliza kazi. Kulikuwa na mvumo tu, na mahali pamoja neno "mbolea" la Mzee, mbali sana. Kikohozi hakikuwepo hata kimoja. Aliponiambia nilimuuliza mara tatu kama ana hakika, mpaka akanikaripia.

Nilikaa siku kadhaa bila kufungua kompyuta. Nilifikiria kurudi duka la fotokopi, nikaandike viapo vya watu wengine mpaka nife. Daktari hakunifukuza. Alikuja mezani kwangu akaniambia kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekifikiria. Sauti imekwenda, alisema, lakini alama hukuzifuta. Kila kikohozi cha yule mama kipo kwenye faili zako, mahali pake, na sekunde zake. Mwongozo una sehemu mwanzoni mwa faili ya kuorodhesha watu wote waliomo ndani ya kazi. Mwingize.

Nikamwingiza. Nilimwandika kama mtu, mke, mwenye kazi ya kuongoza picha. Kisha nikapita faili zote kumi na mbili, na kwenye kila kikohozi kilichokuwa na "haijulikani" nikaandika yeye. Pale nilipokuwa nimekiita kelele nikaandika ishara. Sikutumia njia ya mkato ya kompyuta ya kubadilisha vyote kwa mpigo. Nilivipitia kwa mkono, kimoja kimoja, niumie kama inavyotakiwa.

Nilipomaliza nilienda Ziwa na kompyuta ya kubeba na mikebe ya slaidi. Niliamkua kwa Kikalenjin, "Chamgei", kama nilivyofundishwa, Mzee akaniitikia vizuri, akanitengenezea chai yeye mwenyewe, maziwa mengi kuliko maji. Nikamweleza mpango. Kompyuta itacheza sauti iliyosafishwa ya kila kaseti, na kikohozi hakisikiki tena, lakini mimi nina orodha ya sekunde. Nitagonga meza kwa biro. Yeye, anayeukumbuka mpangilio wa picha zake kwa kichwa, ainue slaidi kwenye mwanga wa dirisha.

Tukaanza na kaseti ya kwanza. Nikagonga, akainua. Nikagonga, akainua. Wadudu wa mahindi walitokea pale pale anapokaribia kuwataja, sio mapema, sio wamechelewa. Kumbe mpangilio wangu wa akili ulikuwa takataka. Mama yule alikuwa anaitoa picha kidogo kabla ya neno, ili jicho lifike kwanza, halafu sikio lifuate. Mzee alikuwa anacheka peke yake, anasema ndiyo, hapo, ndiyo hapo kabisa. Mwisho wa kaseti picha zikaisha na maneno yakaisha. Tulifanya hivyo kaseti tisa, kwa siku tatu, na kila moja ilitoka sawa, idadi ya vikohozi na idadi ya picha, bila kubaki wala kupungua. Nilianza kulala vizuri.

Siku ya nne tukaingia kaseti ya kumi, ya ng'ombe wa maziwa. Picha tatu za kwanza zilienda sawa. Kisha biro yangu ikagonga mara mbili pamoja. Akainua mbili haraka haraka. Nikagonga tena, na tena. Sauti ilikuwa bado inaeleza majani ya kulisha, na Mzee alikuwa ameshafika kwenye mtungi wa maziwa. Tukafika katikati ya kaseti na mkebe ulikuwa hauna kitu, lakini orodha yangu ilikuwa bado ndefu.

"Umekosea," akasema.

Nilimjibu kwa ukali, na ninajuta. Nilimwambia mimi naweza kukosea kufikiri, kila mtu ameshaona, lakini sekunde sikosei. Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe. Akavaa miwani, akausogeza uso, akapitisha kidole chini ya mistari. Kaseti ya kumi, picha ishirini, vikohozi zaidi ya hamsini. Akaniambia nifungue ya kumi na moja. Vilikuwa vingi zaidi, na pembeni ya kila kimoja nilikuwa nimeandika, wakati ule nilipokuwa najivunia masikio yangu, kwamba kimezibwa kwa kitu, labda kitambaa. Akaniambia nifungue ya kumi na mbili. Hakukuwa na kikohozi. Kulikuwa na kijiko kinagongwa kwenye kikombe.

Mzee alivua miwani akaiweka mezani. Chai yake ilipoa pale.

Alinieleza bila kuniangalia. Kaseti ile ya ng'ombe alienda nayo Sugoi, kanisa limejaa. Alikuwa amezoea, akisikia anabonyeza, hafikirii. Picha zikakimbia. Anasema majani, ukutani kuna maziwa. Picha zikaisha, ukuta ukabaki mweupe na sauti yake inaendelea, na watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Alirudi nyumbani na hasira. Alimwambia mkewe kwamba amemwaibisha, kwamba hata kukohoa kwa mpangilio kumemshinda. Mkewe akaomba msamaha. Kaseti iliyofuata akaja mezani ameshika leso mdomoni, na Mzee akadhani amenuna. Ya mwisho alimwambia hahitaji msaada wake, akagonga kikombe mwenyewe, na mama akakaa jikoni. Mwaka uliofuata ndipo alipompeleka hospitali, na huko wakamuuliza kifua hiki kimeanza lini. Mzee ndiye aliyewajibu, ni juzi tu. Miaka hii yote ameamini kwamba ilikuwa juzi tu.

Nilitazama orodha niliyoitengeneza kwa mikono yangu, ambayo mpaka dakika ile nilidhani ni zawadi ninamletea. Nilitaka kufunga kompyuta. Nilipoweka mkono juu yake akaushika, akaurudisha kwenye meza.

"Zile za kumi na kumi na moja," akasema. "Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika ni mama. Na nimeandika ni ishara ya kubadilisha picha."

"Hiyo si ishara. Toa hiyo. Andika alikuwa anakohoa."

Nikatoa ishara kwenye ya kwanza, nikaandika kukohoa. Nikamsomea. Akakubali kwa kichwa, akangoja nifanye ya pili. Nilipofika ya tano au ya sita akaniuliza kama kanuni za dunia zinaruhusu kuandika mtu mwingine aliyekuwepo. Nikamwambia zinaruhusu, kila alama ina nafasi ya maelezo.

"Basi weka na mimi. Andika mume wake alikuwa karibu, alisikia, akabadilisha picha."

Nilimuuliza kama niandike mara moja tu mwanzoni mwa faili, ingetosha.

"Hapana, Madam," akasema. "Kwa kila kimoja."